Miwati Miwili ya Dobi

Mtu anayemwonea wivu mtu aliye hai ana nafuu kubwa. Anaweza kumvizia, kumsengenya, kumnyima salamu, na ikishindikana yote, kusubiri azeeke ang'oke meno. Dobi wa mtaa wetu hakuwa na nafuu hiyo. Mshindani wake alifariki kabla hawajafahamiana, akiwa na meno yote, na tangu hapo hajazeeka hata siku moja.

Watu walimwita Pasi. Jina lilitokana na kazi, ingawa wapo walioshikilia kuwa ni kwa sababu alikuwa mwepesi kupata moto na mzito kupoa. Alifua na kunyoosha nguo za watu katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba ya mke wake. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyokuwa yakimkera. Nyumba ilikuwa ya mke wake, na kabla ya hapo ilikuwa ya mke wake na marehemu mumewe wa kwanza, na marehemu ndiye aliyeijenga, akapima madirisha, akachagua rangi ya mlango, akafa. Miaka michache baadaye Pasi alihamia na begi moja, pasi tatu za mkaa na nia njema.

Nia njema ilidumu mpaka alipokaa kwenye kiti. Kilikuwa kiti cha mbao chenye mikono, kimewekwa vizuri karibu na dirisha, na alipokikalia mkewe alisema, bila ubaya wowote, "Hicho marehemu alikipenda sana." Wiki hiyohiyo kiti kililegea mguu. Kikapelekwa kwa fundi seremala, na mpaka leo fundi hajakimaliza. Ikafuata saa ya ukutani, ambayo marehemu alikuwa akiitia ufunguo kila Jumapili. Ilisimama yenyewe, Pasi alieleza, kwa uchovu. Kikombe cha bluu kiliteleza. Koti zito la mvua alipewa mlinzi wa ghala la jirani, ambaye hakuwa ameliomba na ambaye lilimfika magotini.

Mke hakugomba. Alikuwa mwanamke wa maneno ya kupima. Kazi yake ilikuwa kushona vifungo vya mashati yaliyofika kwa dobi bila vifungo, na mtu anayeshinda na uzi mdomoni hujifunza kutosema kila kinachomjia. Alivitazama vitu vikiondoka kimoja kimoja mpaka akautambua utaratibu: chochote alichokitaja pamoja na marehemu kilikuwa na siku chache za kuishi. Basi akaacha kutaja. Ndani kilibaki kitu kimoja tu, miwani ya kusomea, na hiyo iliponea kwa sababu yeye mwenyewe aliivaa kutungia uzi kwenye sindano. Pasi aliichukia kimyakimya. Macho yake yalikuwa yameanza kukataa vitu vya karibu, na maandishi kwenye pakiti za sabuni yalikuwa yamegeuka kuwa sisimizi, lakini kuvaa miwani ile aliona ni sawa na kumkaribisha marehemu aje akae juu ya pua yake.

Nje kulikuwa na miti miwili ya miwati. Mmoja ulikuwa kando ya kibanda. Pasi alifunga kamba ya nguo kwenye shina lake, alikung'utia majivu ya pasi zake chini yake, na kila siku baada ya chakula cha mchana alilala kivulini mwake, kofia usoni. Wa pili ulikuwa upande wa jikoni. Huo ulikuwa wa mke. Alasiri alitoa kigoda chake, akakiweka chini yake na kopo la vifungo mapajani, akashona akiwa ameelekea kibandani. Yote miwili ilikuwa na majani ya kunyambuka kama unyoya, yote miwili ilionekana ya kijivujivu, na Pasi aliishi nayo miaka kadhaa bila kuifikiria zaidi ya anavyofikiriwa mtu anayekuja kuazima ngazi.

Aliyemharibia amani hiyo alikuwa rafiki wa marehemu, mtu mnene mcheshi aliyefanya naye kazi kwenye kiwanda cha ngozi. Alileta mashati yake ya harusi ya mpwa wake, akaegemea mlango wa kibanda.

"Shemeji hajambo?"

Humwita hivyo mpaka leo, kana kwamba marehemu ametoka kidogo kununua kiberiti.

"Mke wangu hajambo," alisema Pasi.

"Na muwati wa marehemu umekuwa jitu! Nakumbuka alivyoutoa kazini, mche wa kimo hiki, umo kwenye mkebe wa rangi. Aliubeba kifuani njia nzima kama kichanga. Tulimcheka sana."

Pasi aliisahau pasi juu ya kola kwa muda ambao kola haikuupenda.

"Upi?"

"Upi nini?"

"Muwati upi? Ipo miwili."

Mgeni alitazama kulia, akatazama kushoto, akakuna kidevu. "Hapo umenishinda. Zamani ulikuwa mmoja. Mwingine umejiotea, miti hii inaota hata ndani ya soksi ukiiacha nje. Muulize shemeji."

Alimuuliza jioni hiyohiyo, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chumvi ipo.

"Mama, hivi ile miti ya nje, marehemu alipanda upi?"

Mke alikata uzi kwa meno. "Kwa nini?"

"Nataka kujua tu."

"Hata kiti ulitaka kujua tu."

"Kiti kiko kwa fundi!"

"Basi. Fundi akikileta kiti, nami nitakuonyesha mti."

Tangu siku hiyo Pasi hakulala tena vizuri mchana. Wasomi wameandika mengi juu ya wivu, vitabu vinene vyenye majalada magumu, lakini ni dhahiri kwamba wengi wao hawakuwahi kuoa mjane mwenye ua. Kiti unakificha. Saa unaisimamisha. Mti unasimama wenyewe, na kila asubuhi umeongezeka kidogo. Alianza kumtazama mkewe alasiri chini ya ule wa jikoni, kichwa chake kikiligusa shina anapopumzisha mgongo, na akaona mambo ambayo hayakuwapo. Mbona anaegemea hivyo? Mbona hakai barazani, ambako pana ubaridi? Msimu wa maua ulipofika, ule wa jikoni ulimwaga maua yake madogo ya duara, ya njano kali, na upepo ukayaleta mpaka kwenye mashati meupe yaliyoanikwa. Pasi aliyaokota moja moja kwenye mifuko na kola, uso umekunjamana. Marehemu, aliona, alikuwa ameanza kuingilia kazi.

Ilibaki kuthibitisha. Pasi hakuwa mtu wa kuhukumu bila ushahidi. Alikuwa mtu wa kuhukumu kwanza, kisha kuutafuta. Aliyapeleka mashati ya harusi mwenyewe mpaka nyumbani kwa yule mtu wa ngozi, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja yeyote, na baada ya salamu akaingiza swali lake.

"Miwati, inatofautishwaje?"

"Unataka kupanda?"

"Napenda kujua miti iliyonizunguka."

Mwenyeji alifurahi, maana watu hawaulizi maswali kama hayo mara nyingi. "Kwetu tunaijua miwili. Kuna mweusi, huo ndio wetu, gome lake ndilo linalotoa dawa ya kutengenezea ngozi. Halafu kuna wa kijivu, huo watu wanaupenda kwa maua. Marehemu kama aliutoa kiwandani, aliutoa mweusi. Mwingine tungeupata wapi?"

"Na mtu anajuaje huyu ni mweusi?"

"Chukua jani. Si liko kama unyoya? Tazama ule uti wake wa katikati, utaona vipele vidogo vidogo. Wa kijivu una kipele kimoja tu kila pale panapochipuka majani madogo ya pembeni. Mweusi unavyo hivyo, halafu una vingine katikati, ovyo ovyo, kama mtoto mwenye harara."

Pasi alifikiria macho yake. "Na kama mtu hana nafasi ya kutazama vipele?"

"Kuna rangi. Mweusi una kijani cha kukolea, wa kijivu ni kama umenyunyiziwa unga. Lakini rangi usiiamini sana, shemeji. Vumbi tu linakupoteza. Kipele hakisemi uongo."

Katika maelezo yote hayo, neno lililomkaa Pasi njia nzima ya kurudi lilikuwa "shemeji". Sasa hata yeye amekuwa shemeji. Ameolewa kwenye ukoo wa marehemu.

Nyumbani alikata kitawi kutoka mti wa jikoni, akakisogeza machoni. Aliona jani. Alikisogeza zaidi, akaona ukungu wenye umbo la jani. Kipele hakuna. Pale dirishani, juu ya kopo la vifungo, miwani ilikuwa imekunja mikono yake ikimtazama. Aliitazama pia. Akaiacha.

Akaamua kufanya uchunguzi kwa njia anayoiamini. Miti yote ilikuwa ya kijivu. Hilo aliliona hata bila miwani. Lakini kijivu, kwa dobi, si rangi. Kijivu ni nyeupe ambayo mtu hakuishughulikia, au nyeusi iliyokaa karibu na jiko. Alitia maji ya vuguvugu kwenye beseni, akakoroga sabuni, akakifua kile kitawi kwa vidole vyake vikubwa, polepole, kama anavyofua kanzu ya mtoto. Akakisuuza mara mbili. Akakianika kwenye kamba kwa kibanio, katikati ya soksi za mwalimu mkuu.

Cha ule mti wake mwenyewe hakukifua. Mtu huwezi kumhoji rafiki.

Kilipokauka, kitawi kilikuwa cha kijivu kilekile. Mtu mwingine yeyote, hata asiyejua kusoma, angesema: basi huu ni muwati wa kijivu. Pasi alikuwa dobi miaka mingi mno kusema hivyo. Shati likirudi kwa mwenyewe halijatakata, hakuna dobi duniani anayemwambia mteja kwamba labda hiyo ndiyo rangi yake. Humwambia kwamba doa limelala. Limekaa mno, limeingia kwenye uzi, sabuni hailiwezi tena. Na moshi wa jikoni, miaka yote hiyo? Si utakuwa umelala mpaka kwenye mizizi? Huu ni mweusi, alijiambia, mweusi aliyevaa kijivu ili asijulikane. Alihisi raha ya mtu aliyemkamata mwizi akiwa bado ana kuku kwapani.

Siku mkewe alipokwenda kumwona dada yake, Pasi aliazima shoka na msumeno kwa fundi seremala, ambaye alimkumbusha, kwa upole, juu ya kiti. Mti ulianguka kwa heshima, upande wa wazi, bila kugusa bati. Aliukata vipande vya urefu mmoja akavipanga ukutani sawasawa, kingo zimelingana, kama mashati yaliyokunjwa yakisubiri wenyewe. Alifagia matawi. Alifagia mpaka vumbi la msumeno. Kisha akaoga, akakaa kibandani akipiga mluzi, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie pale alijisikia mwenye nyumba.

Mke alirudi alasiri na kikapu cha ndizi. Alisimama uani. Palipokuwa na mti sasa palikuwa na mwanga mwingi kuliko mahali pale palivyozoea.

"Mti uko wapi?"

"Ulikuwa unachafua mashati ya watu," alisema Pasi. "Yale maua. Halafu ulikuwa unaegemea jikoni, siku moja ungetuua."

"Ulikuwa unaegemea upande wa pili."

"Leo upande huu, kesho upande ule. Mti hautabiriki."

Mke alikitazama kisiki, akayatazama magogo yaliyokunjwa vizuri, akamtazama mume. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaweka kikapu chini. Pasi, ambaye alikuwa amejiandaa kwa machozi, kwa ugomvi, hata kwa kufukuzwa, hakuwa amejiandaa kwa kicheko. Na kilipokatika ghafla, alitamani kiendelee.

"Ulidhani ni wake."

Pasi alichukua shati akalikunja. Lilikuwa limekunjwa tayari.

"Wake ni ule pale," alisema mke, akionyesha kwa kidevu upande wa kibanda. "Ule unaokoromea chini yake kila siku mdomo wazi."

"Haiwezekani. Ule ni wa kijivu!"

"Baba, lile ni jivu lako."

Pasi aliutazama mti wake kama inavyotazamwa nguo iliyokwisha kuungua.

"Sasa huu," alisema Pasi mwishowe, sauti imeshuka, "huu alipanda nani?"

"Hakupanda mtu. Ulijiotea mwaka uliohamia, hapo ulipokuwa unamwaga maji yako ya kufulia. Nikauacha."

"Uliuacha kwa nini?"

"Ukikaa pale unaona kibandani."

"Unaona nini kibandani?"

Mke aliinama kuchukua kikapu chake. "Nilikuwa nakuchunga usiunguze mashati ya watu," alisema, akaingia ndani.

Pasi alikuwa ameshika nguo maisha yake yote, na alijua vizuri nguo iliyokunjwa ili kuficha kitu inavyokunjwa. Alibaki ameishika ile sentensi muda mrefu, asijue aikunjulie wapi.

Asubuhi yake, mke alipokuwa sokoni, aliichukua miwani. Aliifuta kwanza kwa pindo la shuka la mteja, akaivaa kama mtu anayeingia maji ya baridi. Akachuma jani kutoka mti wa kibandani, akalifua. Maji yalitoka meusi. Jani likatoka kijani kilichokolea, linang'aa. Na kwenye uti wake, wazi kama vishikizo kwenye koti, vikawapo vipele, hapa viwili, pale kimoja, ovyo ovyo, kama mtoto mwenye harara. Alivitazama vyote. Kisha, kwa kuwa miwani ilikuwa bado usoni, alitazama na vitu vingine. Aliona pakiti ya sabuni inasema nguo ziloweshwe kwanza. Aliona kwenye kola alizozinyoosha juzi michirizi ya hudhurungi ambayo kwa miaka mingi aliwaambia wateja kwamba walikuja nayo. Marehemu, inaelekea, alikuwa na macho mabaya lakini miwani nzuri.

Shoka lilikuwa bado limeegemea ukuta. Siku tatu nne lilikaa pale, na fundi seremala alilitumia salamu. Pasi aliupita mti wa kibandani akienda na kurudi, na kila alipoupita alilitazama shoka, na kila alipolitazama shoka alijua kwamba mkewe, popote alipo ndani ya nyumba, anamtazama yeye. Chuki yake sasa ilikuwa na anwani kamili, tena iliyothibitishwa kwa vipele. Lakini mti huo ulikuwa umefungwa kamba yake. Chini yake palikuwa na alama ya mgongo wake, miaka yote ya mgongo wake. Alikuwa amelala kwenye kifua cha yule mtu bila kujua, na mbaya zaidi, amelala vizuri.

Siku ya tano mke alitoka na kigoda. Upande wa jikoni palikuwa jua tupu. Alikatiza ua bila kusema neno, akakiweka kigoda chini ya mti wa kibandani, mahali pa Pasi hasa, akaegemeza mgongo kwenye shina, akavaa miwani, akatunga uzi. Pale hana haja tena ya kukitazama kibanda kwa mbali. Yuko mlangoni mwa kibanda. Angeweza kuishika pasi kwa kunyoosha mkono.

"Unaniwekea kivuli kwenye meza," alisema Pasi.

"Kivuli si changu," alisema mke.

Shoka likarudi kwa mwenyewe jioni hiyo.

Hadithi ingeishia hapo kama mti uliokatwa ungekuwa mweusi, maana mweusi ukikatwa mara nyingi hukubali kufa. Wa kijivu haukubali. Baada ya mvua, vichipukizi vilianza kutokea kwenye mizizi: kimoja karibu na kisiki, kingine chini ya kamba ya nguo, kingine kwenye ufa wa sakafu ya kibanda, kingine mbele kabisa ya mlango wa nyumba kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Vyote vya kijivu. Cha kwanza Pasi alikimwagia maji, akidhani ni majivu. Vingine aliving'oa, navyo vikarudi vikiwa na wenzao. Mkewe alivihesabu kwa furaha na hakumsaidia kung'oa hata kimoja. Kile cha upande wa jikoni, mtu fulani alikizungushia beseni lililotoboka ili kisikanyagwe. Mke hakuwa na beseni lililotoboka. Dobi alikuwa nalo.

Mpaka leo hajapona, tusidanganyane. Anapowaona mkewe na lile shina, mgongo kwa gome, bado pasi yake huenda kwa kasi kidogo, na usoni hutokea ile rangi ambayo sabuni haiitoi. Juzi mteja mgeni, binti wa benki aliyeleta sketi mbili, alisimama kivulini akatazama juu.

"Muwati mzuri huu! Nani aliupanda?"

Sindano ya mke ilisimama katikati ya tundu la kifungo. Pasi aligeuza shati, akanyoosha mkono wa kulia, akaugeuza, akanyoosha wa kushoto.

"Mwenzangu," alisema.

Sindano ikaendelea.

"Lakini kamba," akaongeza, kwa sauti ya kutosha kufika juu kabisa kwenye matawi, "kamba nimefunga mimi."

"Na hivi vidogo vya kijivu, vimejaa kila mahali?"

"Hivyo ni vya huyu," alisema mke bila kuinua macho. "Usiviguse. Ukikata kimoja, vinakuja na ndugu zao."